Mapatano ya Mto Tana: Nani Aliyeyavunja?

Kuna neno moja ambalo husemwa upesi kila mara damu inapomwagika Tana River, kabla hata maiti hazijazikwa. Husemwa katika ofisi za wakubwa, huchapwa magazetini, na wakati mwingine, twasikitika kukiri, hurudiwa hata katika mimbari zetu. Neno lenyewe ni hili: "Watu wale wamepigana tangu jadi." Mkulima na mfugaji, wasema, ni paka na panya, Mpokomo na Muorma hawawezi kukaa pamoja ila chini ya fimbo. Kwa hiyo, wanahitimisha, dawa ya Garsen ni askari zaidi, kafyu ndefu zaidi na kiongozi asiyeulizwa swali.

Sisi twalikataa neno hilo. Twalikataa kwa kuwa si kweli, na twalikataa kwa kuwa twajua linamfaa nani. Tutaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wa Mto Tana walikuwa na mapatano yao kabla Nairobi haijawa mji, na mapatano hayo yalisimama juu ya kanuni zilizomo katika maumbile ya binadamu wote. La pili ni kwamba mapatano hayo yalivunjwa na wale waliokuja mtoni, wakachukua, wakaondoka, na hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha kurudi kujibu.

HOJA YA FIMBO

Hoja ya fimbo si ngeni, wala haikuzaliwa Kenya. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, aliyechapisha kitabu chake Leviathan mwaka 1651 baada ya nchi yake kuraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, alifundisha kwamba pasipo mtawala mwenye nguvu kila mtu ni adui wa kila mtu. Kwa hofu ya kifo, watu hupatana kumkabidhi mtawala mmoja karibu haki zao zote, naye huwalinda. Lakini tazameni vizuri, ndugu zetu: katika mapatano hayo mtawala mwenyewe hayumo. Wananchi hupatana wao kwa wao. Yeye husimama juu yao, hana ahadi aliyoitoa, hivyo hana ahadi anayoweza kuvunja. Hapo ndipo penye sumu.

Sumu hiyo sisi Wakenya tumeinywa. Mwezi wa Juni 1982 Bunge lilitia katika Katiba kifungu cha 2A, nchi ikawa ya chama kimoja kwa amri ya sheria. Mwaka 1988 tukapangwa mlolongo kama watoto wa shule, na wakati mwingine mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Wachungaji, mawakili na wananchi wa kawaida walipodai vyama vingi, waliambiwa kwamba Mkenya bado hajakomaa, na kwamba vyama vingi vitaleta vita vya makabila. Mwaka 1991 kifungu hicho kikafutwa, na mwaka huohuo nyumba zikaanza kuchomwa Bonde la Ufa. Je, utabiri ulitimia wenyewe? Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa ripoti yake mwaka 1992, ikaeleza kwamba mapigano yale yalichochewa kisiasa, na kwamba waliohusishwa nayo walikuwamo watu wakubwa serikalini. Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza tena, ikakabidhi ripoti mwaka 1999; ripoti hiyo haikutolewa kwa umma mpaka mwaka 2002. Baadhi ya waliotabiri moto walikuwa na kiberiti mfukoni.

Basi mtu akituambia leo kwamba watu wa Garsen wamepigana tangu jadi, tuna haki ya kumtazama mfukoni.

KANUNI YA MALKA

Mto Tana husafiri karibu kilomita 1,000, kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika sehemu ya chini, nchi ni kavu, na mto ndio uhai. Wapokomo wamelima kingo zake kwa kufuata mafuriko: mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Waorma, na baadaye Wawardei, wamefuga ng'ombe. Mvua inyeshapo huenda nao mbali nyikani, na kiangazi kikaukapo hurudi kwenye delta kutafuta maji na majani. Hivyo watu wawili wanahitaji mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwa mujibu wa Hobbes, hapo lazima pawe uwanja wa vita vya milele.

Lakini wazee wetu walitengeneza malka. Malka ni njia ya mifugo kuufikia mto, iliyoachwa wazi katikati ya mashamba ili ng'ombe wapite wakanywe bila ya kukanyaga mazao. Mkulima hulima huku na huku, naye huiacha njia. Mfugaji hupitisha mifugo, naye huiheshimu mipaka. Nafaka ilikwenda kwa mfugaji, maziwa yakaja kwa mkulima. Ng'ombe akila shamba, wazee walikaa: Wapokomo wana Gasa, Waorma wana Matadeda, na fidia ilikatwa kwa kusikiliza pande zote mbili. Hakuna gavana aliyeipima malka ya kwanza, wala hakuna waziri aliyeizindua kwa kukata utepe.

Ni nguvu gani iliyowafanya watu watimize ahadi ambazo hazikuandikwa popote? Jibu ni jepesi, na ndilo kiini cha makala hii: ahadi hutunzwa na yule anayejua kwamba atarudi. Mfugaji ajuaye kuwa kiangazi kijacho ataihitaji njia ileile hawezi kulifanya shamba la mwenziwe kuwa malisho leo. Mkulima ajuaye kuwa mwakani atahitaji maziwa, au atahitaji shahidi mbele ya wazee, hawezi kuifunga malka usiku. Wote wawili wana kesho moja, na kesho hiyo ndiyo askari wao.

Wataalamu wa ulimwengu wameifikia kanuni hiyohiyo kwa njia zao. Mwaka 1984 Robert Axelrod wa Marekani alieleza katika kitabu jinsi alivyozishindanisha programu za kompyuta nyingi, nyingine za hila na nyingine za wema, zikikutana tena na tena. Iliyoshinda ilikuwa sahili kuliko zote: ilianza kwa wema, ikalipa ubaya kwa ubaya mara moja tu, kisha ikarudi kwenye wema mara mwenziwe aliporudi. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba washindani wajue watakutana tena. Mwaka 1968 Garrett Hardin alikuwa ameandika kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike, maana kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Serikali nyingi zikalishangilia neno hilo, kwa kuwa liliwapa sababu ya kunyang'anya. Lakini Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza misitu, malisho na mifereji ya maji katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba watu wa kawaida huweza kutunza mali ya pamoja kwa muda mrefu sana endapo wao wenyewe hutunga kanuni, hukaguana, huadhibu kwa hatua, na endapo serikali huitambua haki yao ya kujipangia. Tuliweke moyoni sharti hilo la mwisho, maana tutalihitaji.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alikaa na kufanya utafiti miongoni mwa Waorma wa Tana River kwa miaka mingi. Alipowapa mchezo wa fedha ambamo kila mtu huamua kwa siri atie kiasi gani katika chungu cha wote na abaki na kiasi gani, Waorma hawakuhitaji maelezo marefu. Waliuita mara moja mchezo wa harambee. Katika mchezo mwingine, ambamo mtu hupewa fedha agawane na asiyemjua, kwa wastani walitoa asilimia 44, na kiasi kilichotolewa na wengi kuliko chochote kingine kilikuwa nusu kwa nusu. Hawa ndio watu tunaoambiwa hawaelewi lugha yoyote ila ya fimbo!

MAANDIKO NAYO

Waumini wetu walijua habari hii kabla ya kompyuta. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, Ibrahimu mfugaji alimlalamikia mfalme Abimeleki kwa ajili ya kisima ambacho watumishi wa mfalme walikuwa wamemnyang'anya. Mfalme hakumtupa gerezani kwa uchochezi. Alisikiliza, wanakondoo saba wakatolewa kuwa ushahidi, na wote wawili, mfalme pamoja na mfugaji, wakaapa. Mahali pale pakaitwa Beer-sheba. Ndugu zetu Waislamu nao wanayo habari ya Nabii Saleh na ngamia aliyewekewa zamu yake ya kunywa, na watu zamu yao. Walioivunja zamu waliangamia. Katika Maandiko hayo maji hugawanywa kwa ahadi, na mwenye kiti cha enzi hayuko nje ya ahadi hiyo. Hobbes alimtoa mfalme katika mapatano. Beer-sheba ilimtia ndani.

HATUSEMI ZAMANI ILIKUWA PEPO

Tusije tukaambiwa twaota ndoto. Zamani palikuwa na uvamizi, palikuwa na mifugo iliyoporwa na vijiji vilivyokimbiwa. Baraza la wazee lilikuwa la wanaume. Mwanamke aliyeteka maji kila siku hakuulizwa kuhusu maji. Vijana walisubiri mpaka mvi. Wawindaji kama Wawata walipewa nafasi ndogo barazani na ndogo zaidi katika hesabu ya watu. Mapatano ya mto yalikuwa na mashimo, nasi hatutaki kuyaziba kwa sifa.

Lakini nyumba yenye mashimo si sawa na nyumba isiyokuwako. Mapatano yale yalikuwa na uwezo wa kujirekebisha, kwa sababu waliofanya kosa walipatikana na kusemeshwa. Kilichofuata baadaye hakikuwa na uwezo huo.

WALIOKUJA WAKAONDOKA

Tuwahesabu basi waliokuja mtoni.

Wakoloni walikuja, wakajenga kambi ya Hola, wakawalazimisha wafungwa wa Mau Mau kuchimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa. Taarifa ya kwanza ya Serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Hivyo uongo mkubwa wa kwanza wa dola katika nchi hii kavu ulikuwa kuhusu maji.

Uhuru ukaja, na mabwawa yakaja. Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Umeme ulikwenda mijini. Mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba na malisho ya delta yakapungua. Je, watu wa Garsen waliitwa kwenye meza ambapo maji yao yaligawanywa? Mradi wa Bura ukaja, kwa fedha za Benki ya Dunia, na familia zikaletwa kutoka pande nyingine za nchi. Pampu zikaharibika, mradi ukaporomoka kabla ya miaka ya 1980 kwisha, na waliouchora walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Halmashauri ya TARDA, ambayo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1974, ikapewa sehemu kubwa ya delta na kujenga mradi wa mpunga. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 yakauvunja. Mpunga ulikwisha, lakini hati ya ardhi ilibaki kwa halmashauri. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira iliidhinisha mradi mkubwa wa miwa wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias, juu ya ardhi ambayo kwa mfugaji ni malisho ya kiangazi na kwa mkulima ni shamba la mafuriko.

Hatusemi kwamba umeme ni dhambi, wala kwamba sukari ni haramu. Twasema kwamba kila mmoja kati ya hawa aliingia katika mali ya watu wawili waliokuwa na mapatano, akajifanya hayaoni. Kwa sheria ya wakati ule ardhi hii iliitwa ya udhamini, eti imeshikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wenyeji. Mdhamini huyo aliweza kuitoa ardhi bila ya wenyeji kujua. Hilo ndilo sharti la Ostrom lililovunjwa: Serikali haikuitambua haki ya watu kujipangia. Na kanuni ya malka ikavunjika pia, kwa kuwa mhandisi hatarudi kiangazi kijacho kunywesha ng'ombe. Ahadi ya mtu asiyerudi ni upepo.

DAMU YA TARASAA NA KIPAO

Mtu atatuuliza, na ana haki: "Je, mhandisi ndiye aliyeshika panga? Si majirani waliouana?" Naam, ni majirani, na kila aliyeua atajibu kwa jina lake mwenyewe mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Hatutamfichia mtu damu nyuma ya historia. Lakini swali letu ni hili: ni nini kilichowafanya watu waliokuwa na kesho moja waamini kwamba kesho hiyo imekwisha?

Mambo mawili. La kwanza ni hati ya ardhi. Serikali ilipoleta zoezi la kuamua na kupima mashamba karibu na mwaka 2000, mkulima aliambiwa kwamba ukingo utakuwa wake peke yake milele, na mfugaji akasikia kwamba njia ya maji itafungwa milele. Neno "milele" ndilo lililoua. Kati ya mwaka 2000 na 2001 vijiji vilichomwa na watu wengi wakauawa. Kabla ya hapo mtu aliyeshindwa kiangazi hiki aliweza kurudi na kudai kiangazi kijacho. Sasa aliambiwa kwamba atakayeshindwa leo ameshindwa daima.

La pili ni uchaguzi ulioelezwa kama vita. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa wa kwanza kuleta serikali za kaunti, na kaunti ina bajeti, ajira na sauti juu ya ardhi. Watu waliambiwa na wenye tamaa kwamba atakayeshinda atakuwa na mto, na atakayeshindwa atafute pa kwenda. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa, Tarasaa, kilivamiwa. Watu takriban 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako askari polisi nao waliuawa. Kafyu ikatangazwa, vikosi vikaletwa, Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka ikaundwa. Tarehe 21 Desemba, vikosi vikiwa tayari vimepelekwa, kijiji cha Kipao kikavamiwa nacho. Kwa jumla waliokufa walizidi 100, na waliofiwa ni wakulima na wafugaji vilevile.

Enyi mnaohubiri fimbo, fimbo ilikuwako! Ilikuwako, na Kipao ikateketea. Fimbo huweza kumzuia mtu kwa usiku mmoja. Haiwezi kumrudishia kesho yake. Na mwaka 2024, baada ya mafuriko, mapigano yalizuka tena katika kaunti hii juu ya mahali pa kuwahamishia waliofurikiwa, na Serikali ikatangaza sehemu zake kuwa maeneo ya hatari. Ugonjwa ni uleule: ardhi kuamuliwa na wasioishi juu yake.

VYAMA VINGI VILIKUWA KWA AJILI GANI?

Wapo wanaotucheka wakisema: "Mlidai vyama vingi, si mmevipata? Mbona watu wanakufa?" Tuwajibu kwa adabu. Hatukudai vyama vingi ili tuhesabu rangi za bendera. John Locke, aliyechapisha hoja yake mwaka 1689, alimjibu mtetezi wa fimbo kwamba utawala ni amana. Mwenye amana akiivunja, amana hurudi kwa wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya mapambano yetu. Tulitaka mtawala atiwe ndani ya mapatano kama Abimeleki, awe na ahadi aliyoitoa, na awe na siku ya kurudi kujibu.

Kwa maandishi tulishinda. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha kwanza kabisa kwamba mamlaka yote makuu ni ya watu. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, malisho yakiwamo. Mwezi wa Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta, iliamuru idara za Serikali ziandae mpango wa matumizi ya ardhi na wananchi washirikishwe; mpango wa delta ukazinduliwa mwaka 2015. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikapitishwa mwaka 2016. Maandishi hayo ni matunda ya watu waliopigwa virungu, na asiyeyathamini hajui bei yake.

Lakini karatasi si malka. Mfugaji na mkulima hukutana kila kiangazi. Mheshimiwa hukutana nasi kila baada ya miaka mitano, kwa gari refu, na mfuko wa sukari. Chama chake kikiwa hakina neno ila kabila, basi amegeuza vyama vingi kuwa ukoo wenye kadi. Tumebadilisha mlolongo kwa sanduku, sasa tubadilishe sanduku liwe baraza lisilofungwa.

TUNADAI NINI

Kwa Serikali ya taifa na ya kaunti twasema: malka na malisho ya kiangazi yasajiliwe chini ya sheria ya mwaka 2016, na katika hati moja waweke sahihi mkulima na mfugaji pamoja. Mradi wowote mtoni, uwe wa mwekezaji au wa halmashauri, uje barazani Garsen kila mwaka na hesabu yake, na ukikosa mara mbili ardhi irudi. Ripoti za tume zisomwe hadharani, kwa Kiswahili, mbele ya waliofiwa. Na aadhibiwe mtu, si kabila.

Kwa wazee wetu wa Gasa na Matadeda, ambao twawaheshimu, twasema: wapeni wanawake na vijana viti, si mikeka ya kando. Kaeni pamoja kabla ya kiangazi, msisubiri kukutana makaburini.

Kwa makanisa yetu: Kanisa limekuwako mtoni tangu karne ya 19, Golbanti na Ngao. Ni mojawapo ya taasisi chache zilizokuja zisiondoke, na msikiti ni mwenzake. Basi sisi hatuna udhuru. Mimbari isikopeshwe kwa mwanasiasa ambaye hajajibu maswali ya waumini. Padri, mchungaji na imamu wazitembelee malka pamoja kila mwaka, waone iliyofungwa na waitaje kwa jina. Amani inayohubiriwa baada ya mazishi tu ni nusu ya amani.

Na kwetu sisi wapiga kura: kila anayekuja kuomba kura aulizwe swali moja lililo sawa kwa wote, awe wa kabila letu au la jirani. Utarudi lini, na usiporudi tukufanye nini? Asiye na jibu hastahili kura, hata akiwa mtoto wa shangazi.

Wakenya wote, popote walipo, husimama wima unapoimbwa wimbo wa taifa. Sauti ya wimbo huo ilichukuliwa kutoka Tana River. Ni wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Taifa lilikuja mtoni likachukua hata sauti ya kulaza watoto. Halijarudi kuuliza kama watoto wenyewe wanalala salama. Ahadi ni deni, na deni hili lina wenyewe, wa ng'ombe na wa jembe, wanaojua kuhesabu viangazi. Sisi tutarudi kulidai.